Naomba ushauri: kichwa cha boga cha karatasi kisilainike kwa mvua

Wadau, naomba msaada wa wanaotengeneza mavazi ya Halloween (sherehe ya 31 Oktoba ambapo watoto huvaa mavazi ya kuigiza) nyumbani. Ni kinyago cha kichwa chenye umbo la boga cha mtoto wa miaka 8, kitavaliwa nje usiku wa 31 Oktoba huko Minnesota, Marekani, ambako mwaka 1991 dhoruba ya theluji ilipiga siku hiyohiyo.

Umbo linatokana na puto lililojazwa hadi lizidi kichwa cha mtoto kwa sentimita 5 hivi kila upande. Gundi ni kikombe 1 cha unga wa ngano kwa vikombe 2 vya maji, inapikwa hadi iwe kama uji mzito, na kijiko cha chumvi kupunguza ukungu. Gazeti linachanwa kwa mkono, halikatwi kwa mkasi, maana kingo zilizochanika hulala vizuri. Vipande vinapakwa gundi na kubandikwa juu ya puto, tabaka 4, kila moja likauke kwanza. Ukiharakisha, ndani panabaki pabichi na puto likitolewa umbo linabonyea. Karibu na hita ni kosa jingine: hewa ya puto hutanuka na kupasua karatasi.

Tatizo ni maji. Gundi ya unga hulainika ikilowa, hata ikipakwa rangi. Je, vanishi ya maji, ikipakwa mara 2 nje na ndani, inatosha? Ya mafuta siitaki, harufu yake hukaa siku nyingi na mtoto atapumulia humo.

Halafu kichwa kinazunguka, matundu ya macho yanahama. Sponji ibandikwe wapi ili kitulie bila kuziba hewa?