Mrejesho: Kompyuta ya mezani iliyokuwa inazima kabla ya kumaliza kuwaka

Wakuu, nilileta hapa shida ya kompyuta ya kwenye steshenari yetu huku Kirumba, Mwanza: unaiwasha, feni inazunguka, nembo inatokea, halafu inazima kabla Windows haijafunguka. Asanteni sana, mmeniokolea pesa.

Kuchomoa RAM (kadi ya kumbukumbu ya muda) na kusafisha meno yake kwa kifutio hakukusaidia. Aliyesema nipime pawa saplai (boksi linalogawa umeme ndani ya kompyuta) kabla ya kununua nyingine, Mungu akubariki: fundi aliweka mita kwenye waya wa njano wakati inawaka, ikasoma volti 12.1. Kiwango kinachokubalika ni 11.4 hadi 12.6, kwa hiyo pawa ilikuwa nzima.

Kilichoponya ni ushauri wa joto. Tuliingia BIOS (ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya Windows) tukaona nyuzi joto za prosesa, ile chipu kuu ya kompyuta, zinapanda mbele ya macho yetu, zikapita 90, ikazima. Kufungua, feni imeziba kwa vumbi na wale wadudu wa ziwani wanaofuata taa usiku, grisi ya prosesa imekauka kama chokaa, na pini moja inayobana feni imeachia. Tukasafisha, tukapaka grisi mpya, tukabana pini zote. Sasa inawaka mpaka mwisho na kazi za wateja zinatoka. Mwenye dalili hizi aanzie hapo.

Bado saa inapotea kila umeme ukikatika, hata baada ya kuweka betri mpya ya CR2032, ile ndogo ya duara inayotunza saa. Fundi anahisi kishikio chake kimelegea, atakiangalia akirudi.