Albamu "kali za kihistoria" naletewa zimekatwakatwa, halafu mnaniambia mimi ndiye sina masikio!

Wakuu, uzi huu naandika nikiwa na hasira. Mwenye moyo mwepesi apite kimya kimya.

Mimi si mwanamuziki. Sijui nota, sijui mizani, nasikiliza nikiwa nafua, napiga pasi au nasubiri usingizi. Mwanzoni mwa mwaka nikajipa kazi: kila wiki albamu moja katika zile mnazozitaja humu kila siku, iwe jazi, roki, soul, metali, hata piano ya Bach. Nasikiliza, naandika nilichokihisi, basi. Nimetukanwa wiki baada ya wiki. "Huna masikio." "Rudi kwenye nyimbo zako za dakika mbili." Nikaamini kweli tatizo ni mimi. Sasa nimegundua mambo, na leo mtanisikiliza.

Chukueni The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd, 1973. Mliniambia ile ni safari. Programu ya muziki kwenye simu ikanifungulia na "Eclipse", ambao ni wimbo wa MWISHO. Ukaingia juu juu kama mtu aliyedakia mazungumzo ya watu, dakika mbili, mapigo ya moyo, kwisha. Mara mashine ya kuhesabia hela inalia, ni "Money". Nikaja hapa nikaandika kwamba albamu inakurupuka, haina kichwa wala miguu. Nilichokipata mnakijua. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza, "Ndugu, umesikiliza kwa mpangilio gani?" Yale mapigo ya moyo ndiyo yanayofungua albamu na ndiyo yanayoifunga, nami nimeanzia kwenye kufungwa! Kitufe cha kuchanganya nyimbo kilikuwa kimewashwa, na kwa sisi tuliokuwa hatulipii hakikuwa kinazimika. Wanachukua kazi ya watu, wanaichanganya kama karata, halafu wanaiandika jina lilelile la albamu.

(Kuna shati langu lina alama ya pasi kwa sababu ya "Time". Wimbo unaanza kimya kimya, nikaongeza sauti, saa zote zikalia kwa mpigo mmoja. Ni saa za kweli, fundi wao wa sauti Alan Parsons alizirekodi kwenye duka la vitu vya kale. Hilo silalamikii, ndivyo walivyokusudia. Nilishtuka kihalali.)

Wiki iliyofuata, What's Going On ya Marvin Gaye, 1971. Hii kidogo inilize, kwa hasira. Nyimbo sita za upande wa kwanza zimeshonwa pamoja, hakuna pumzi katikati. "Save the Children" ukikaribia mwisho, ngoma zinaanza kukimbia, jamaa anapandisha sauti, unasikia kabisa kuna kitu kinakuja. Kilichokuja ni tangazo la mkopo. Mwanamke mchangamfu ananiambia nina sifa za kupata hela ndani ya dakika tano. Alipomaliza ndipo "God Is Love" ukaingia, na mimi nimeshapoa kama uji wa jana. Albamu nzima ni dakika 35 tu. Dakika 35 hawakuweza kuninyamazia!

Mkaniambia, "Lipia, bahili wewe." Nikalipia. Matangazo yakaisha, mpangilio ukanyooka, nikajua sasa naishi kama binadamu.

Pet Sounds, The Beach Boys, 1966. Wiki mbili sikuelewa mnaisifia nini, sauti tamu tamu tu. Wiki ya tatu, usiku, peke yangu, "Caroline, No" ukaniingia mahali. Wimbo wa mtu anayeuliza yule msichana aliyemjua amekwenda wapi, na msichana bado yupo, amebadilika tu. Unaisha. Halafu garimoshi linapita na mbwa wanabweka. Mbwa wa Brian Wilson mwenyewe, kiongozi wa bendi. Garimoshi linatokomea, mbwa wanabaki, albamu imekwisha. Nilikaa gizani nikasema, jamani, kumbe.

Sekunde mbili hazijapita, "Wouldn't It Be Nice" huyooo, wimbo wa kwanza, gitaa linachekacheka! Nikadhani nimegusa kitufe. Wapi! Wameweka albamu nzima kwa mono, yaani sauti ileile masikio yote mawili, halafu wakaibandika albamu ileile nzima kwa stereo, sauti iliyogawanywa kushoto na kulia, hapo hapo nyuma, wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, kama mtu anayekusimulia msiba kisha anaanza upya kwa sababu hakuona ukilia. Wilson alikuwa karibu kiziwi sikio moja, aliitengeneza kwa mono, hiyo stereo imekuja kutengenezwa miaka 30 baadaye. Sina ugomvi nayo. Wekeni mlango wake! Kwa nini muibandike kwenye mkia wa mbwa?

Nimewaandikia huduma kwa wateja mara tatu. Jibu ni lilelile, neno kwa neno: toleo hili lina "maudhui ya ziada kwa mashabiki". Mashabiki ni nani? Mimi ndiye niliyelipa.

Kind of Blue ya Miles Davis, hivyo hivyo. Nyimbo tano tu za 1959. "Flamenco Sketches" unamaliza kama mtu anayezima taa chumba kimoja kimoja, na kabla giza halijakaa vizuri, unaanza tena, jaribio lingine la wimbo uleule. Kuna toleo wanakuwekea mpaka vipande walivyokosea wakaanza upya studio. Mimi wa kupiga pasi nifanye navyo nini?

Na nyie wataalamu mnaosema "sikiliza ya asili, ya kwenye santuri", nimewafuatilia. Hiyo santuri ya asili ya Kind of Blue, upande wa kwanza ulikuwa unakimbia kidogo kuliko walivyopiga, kwa sababu mashine iliyorekodi haikuwa inazunguka kwa mwendo sahihi. Ilikuja kurekebishwa miaka ya 1990. Yaani zaidi ya miaka 30 "asili" yenu ilikuwa na kasoro na haikuwanyima usingizi. Ila mimi nikisema "So What", wimbo wake wa kwanza, inanichosha dakika ya sita, nimekufuru.

Sisemi kila kosa ni la programu. ...And Justice for All ya Metallica, 1988. Nilibadilisha spika za masikioni, nikasafisha tundu la waya kwa kijiti, nikamuazima dada spika yake. Besi hakuna. Kumbe hakuna kweli! Mpiga besi Cliff Burton alifariki ajali ya basi Sweden mwaka 1986, hii ikawa albamu ya kwanza ya mrithi wake Jason Newsted, na wakati wa kuchanganya sauti wakamshusha mpaka humsikii. Hilo nililiandika humu kabla sijajua chochote, mkasema spika zangu za bei rahisi. Nasubiri radhi.

Tena mpiga piano Glenn Gould, Bach ile aliyoirekodi 1981, Goldberg Variations. Nilivua spika za masikioni mara nne nikitafuta nani anaguna chumbani. Kimya. Nazivaa, anaguna. Ni yeye mwenyewe, anaimba huku anapiga piano. Nimeipenda hiyo kuliko zote. Mguno wake bado upo.

Na Trout Mask Replica ya Captain Beefheart, 1969, nyimbo 28, nimeisikiliza mara mbili, mwanzo hadi mwisho, bila tangazo, bila kuchanganywa, nimelipia, nimekaa kitako. Ni makelele. Hapo hata programu sina cha kuilaumu, siipendi tu, na sirudi.

Kwa hiyo wale walionitukana kwa Pink Floyd, nimeirudia yote, kuanzia moyo hadi moyo, na maoni yangu mapya nitayaandika nikijisikia, si leo. Leo nataka kitu kimoja: mwenye kujua toleo la Pet Sounds linaloishia kwa mbwa, mbwa wakinyamaza na kifaa kinanyamaza, anielekeze lilipo. Anayekuja kuniambia "si uzime mwenyewe", nimejaribu. Simu iko chaji upande wa pili wa chumba, nikifika "Wouldn't It Be Nice" umeshafika kwenye kiitikio.