Ala kuukuu za bendi: tukarabati seti nzima, tuchanganye na mpya, au tuziweke kabatini?

Koneti_ya_Pili

Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo, hasa ya mafundi na waliozeekea kwenye bendi za mtaa.

Bendi yetu ni ya kujitolea, watu kama ishirini, wengi tumejifunza ukubwani. Juzi tumekabidhiwa makasha ya ala za shaba za bendi moja iliyokufa zamani. Wazee wake waligoma kuwauzia watu wa vyuma chakavu, wakasema bora ziozee stoo kuliko zigeuzwe koki za maji. Tumekuta koneti (tarumbeta fupi) nne, flugeli moja, honi za alto tatu, baritoni mbili, eufoniamu moja, tromboni tatu na besi mbili. Zimenakshiwa maua kwenye domo (pale pana inapotokea sauti), na besi moja ina jina la bendi yenyewe limechorwa kuzunguka ukingo. Vali (pistoni za kubonyeza kubadilisha noti) karibu zote zimegoma.

Kwenye kikao zimetoka njia tatu. Ya kwanza, kukarabati seti nzima na kuipiga. Ya pili, kuchukua zile zilizo nzima na kuzichanganya na za kisasa tulizonazo. Ya tatu, kuziweka kabatini watu wazitazame, sisi tuendelee kuchangishana tununue mpya. Wengi wameegemea ya pili kwa kuwa ndiyo rahisi. Mnaonaje?

Fundi_Pistoni

Hiyo rahisi ndiyo itakayowatoa jasho. Kabla hamjashika tambara wala mafuta, pima sauti. Chukua koneti moja ambayo vali zake ziko juu (hata kama zimekwama, mradi ziko juu), sukuma slaidi kubwa (kipande cha bomba kinachovutwa kutyuni ala) mpaka ndani, piga noti ya wazi, yaani bila kubonyeza vali, tazama programu ya kutyuni kwenye simu. Njoo utuambie.

Mpiga_Ngoma

Faida ya ngoma hiyo. Sijawahi kuulizwa niko kwenye hezi ngapi 😂

Mtunza_Kale

Mimi ni njia ya tatu, na nitawaudhi mapema. Kila siku naona ala za miaka 120 zikiharibiwa na watu wanaozipenda. Mtu anaingia na mashine ya kung'arishia, akitoka ua lililochorwa kwa mkono limekuwa kivuli. Nakshi ile ina kina kidogo mno, haivumilii mara mbili.

Halafu shaba njano si dhahabu. Ni shaba nyekundu na zinki, mara nyingi kwa uwiano wa kama 70 kwa 30, na jasho na mate huitoa zinki polepole. Angalieni bomba linalotoka kwenye kipulizio: mkiona madoa ya waridi yenye kitone cheusi katikati, bomba hilo linaliwa kutoka ndani. Huwezi kuling'arisha likapona.

Na tafadhali, dawa zenye amonia zikae mbali. Jeshi la Uingereza lilipokuwa India karne ya 19 lilihifadhi risasi kwenye mazizi ya farasi wakati wa masika, maganda ya shaba yakapasuka yenyewe bila kuguswa. Amonia ya mkojo wa farasi ilikutana na shaba iliyokwisha kukazwa kwa kufuliwa. Sasa domo la besi nalo limefuliwa kwa nyundo. Mmenielewa.

Fundi_Pistoni

Kuhusu amonia na mashine naunga mkono hoja. Kuhusu kabati, hapana. Ala isiyopigwa vali zake hushikana, slaidi huganda, na siku ikihitajika huwa imeshakuwa sanamu. Nimefungua ala zilizopumzishwa kabatini miaka mingi kwa heshima zote, na pistoni ikatoka na ngozi yake.

Dada_Tromboni

Mimi natetea njia ya pili, lakini kwa tromboni tu. Sisi hatuna vali za kutuhukumu. Tromboni ya zamani ikiwa juu, navuta slaidi kubwa, kisha mkono na sikio vinamalizia. Shida yangu ni nyingine: zile za zamani bomba lake ni jembamba sana. Ukiketi kati ya wawili wenye tromboni za kisasa zenye bomba pana, wao wanatoa moshi, wewe unatoa sindano. Peke yake ni sauti tamu, inakata kama wembe. Kwenye mstari mmoja na hizo nyingine ni ugomvi.

Swali kwa mleta mada: kati ya hizo tatu, kuna moja ndefu yenye kishikio cha kusukumia slaidi? Kama ipo, hiyo ni besi tromboni ya G. Slaidi yake ni ndefu kuliko mkono wa binadamu, ndiyo maana ikawekewa mpini. Bendi za shaba za Uingereza ziliishikilia muda mrefu baada ya wengine kuiacha.

Koneti_ya_Pili

Dada, ipo! Tulidhani mpini ni kipande cha kitu kingine, tukataka kuung'oa.

Fundi, nimepima. Noti ya wazi ya koneti, ambayo kwa kawaida ni Si bemoli, sindano inasimama kati ya Si bemoli na Si kamili. Simu inasoma kama hezi (mitetemo kwa sekunde) 479. Nimerudia na koneti ya pili, vilevile. Nikadhani simu ni mbovu, nikapima koneti yangu ya kila siku: 466 bila shida.

Fundi_Pistoni

Simu yako ni nzima. Mmepata seti ya tyuni ya juu. Noti ya La, ambayo ndiyo kipimo cha kutyuni, leo ni hezi 440, ilikubaliwa kwenye mkutano wa kimataifa London mwaka 1939. Lakini bendi za shaba za Uingereza zilibaki kwenye La ya karibu 452 mpaka miaka ya 1960, kwa sababu ya kawaida kabisa: kubadilisha kunataka kununua seti nzima kwa mkupuo, na bendi ya wafanyakazi wa kiwanda haina mfuko huo. Marekani ala nyingine ziligongwa herufi kuonyesha ni ya juu au ya chini, kwa hiyo tazameni karibu na vali.

Tofauti hiyo ni karibu nusu ya nusu toni. Haifichiki hata kwa mpigaji mzuri wa midomo.

Sasa hesabu ya njia ya pili. Kuishusha ala kutoka 452 mpaka 440 unahitaji bomba refu zaidi kwa karibu asilimia 2.8. Koneti ina bomba la kama mita 1.35, kwa hiyo nyongeza ni sentimita 3.8 hivi. Slaidi ina miguu miwili, basi unaivuta kama sentimita 1.9. Inawezekana. Besi ya Si bemoli ina bomba la kama mita 5.5, inataka nyongeza ya sentimita 15, yaani slaidi itoke 7.5. Nyingi haziwezi, slaidi itakudondokea mapajani. Na si hiyo tu, slaidi ya kila vali nayo lazima ivutwe kwa uwiano uleule, la sivyo noti ya wazi itakuwa sawa na zote za vidole zitakuwa juu.

Na za kisasa haziwezi kupanda kuzifuata. Slaidi ikishafika ndani imefika.

MzeeTuba

Vijana, nimewasoma wote. Niongeze machache kwa sababu naona mnahesabu ala moja moja kama vile kila moja ilizaliwa peke yake.

Vali zilisajiliwa Prussia mwaka 1818 na Stölzel na Blühmel. Kabla ya hapo mtu wa shaba alikuwa na noti chache za tarumbeta tupu, au alitumia ala za matundu na vibonyezo kama klarineti. Pistoni mnayoijua leo ni ya Périnet wa Paris, mwishoni mwa miaka ya 1830. Kisha akaja Adolphe Sax kwenye miaka ya 1840 akatengeneza ukoo mzima wa honi, kutoka ndogo inayolia kama ndege hadi besi, zote kwa umbo moja na vidole vilevile. Familia ya Distin kutoka Uingereza, wapigaji wa shaba, walikutana naye Paris mwaka 1844, wakarudi na honi zake na kuzipiga kila mahali.

Hapo ndipo bendi za mitaa zilipopata miguu. Mchimba makaa au mfuma nguo aliyekuwa na jioni mbili kwa wiki angejifunza vidole mara moja tu. Na kwa kuwa karibu bendi nzima husoma ufunguo wa Sol (mwandiko uleule wa noti), wa koneti akizidiwa na meno hupewa baritoni, akizidi kuzeeka hupewa besi, na mstari anausoma uleule. Mimi mwenyewe njia yangu ilikuwa hiyo, meno ndiyo yaliyonipandisha cheo.

Bendi ya Black Dyke ya Uingereza ilianza mwaka 1855 kwenye kinu cha nguo. Mashindano ya Belle Vue kule Manchester yalianza 1853. Marekani, Allentown Band inapiga tangu 1828. Bendi hizi zilinunua seti, si ala moja moja, ili sauti iive pamoja. Kwa hiyo ukichomoa koneti mbili na besi moja kwenye hizo zenu, mmechukua shanga tatu mkakata uzi.

Dada_Tromboni

Shikamoo Mzee. Hilo la meno sikulijua 😅 Kwa hiyo hata tromboni zangu nizirudishe kwenye seti?

MzeeTuba

Marahaba binti. Hasa hizo. Zikipigwa na honi za rika lake, ile sindano unayoilalamikia itapata kitambaa cha kushona.

Mtunza_Kale

Sawa, hoja ya Mzee imenilegeza, lakini nina masharti.

Tenganisheni ala za kazi na ala za nadra. Kama kuna koneti ambayo bomba linaingia au kutoka kupitia sehemu ya chini kabisa ya vali, hiyo ni vali ya Stölzel, ni ya kale zaidi ya wenzake, hiyo isipigwe. Ala yoyote yenye matundu na vibonyezo, hivyohivyo. Nyingine zipigwe.

Fundi asikate bomba lolote la asili. Na asiwepo mtu wa kupuliza kabla hazijaoshwa ndani. Ukungu na vijidudu vya bomba vimewahi kuwaumiza wapiga tromboni mapafu, kikohozi kisichoisha mpaka daktari akauliza mgonjwa anapuliza nini. Maji vuguvugu, sabuni laini, brashi ndefu yenye waya uliofunikwa. Maji ya moto yataondoa vanishi.

Fundi_Pistoni

Nakubali, na sikati. Kwa bendi inayolazimika kushuka huwa natengeneza slaidi ndefu mpya, za asili zinafungwa kwenye mfuko wenye jina la ala. Siku yoyote zinarudi. Ndivyo bendi nyingi zilivyofanya zilipohama kutoka tyuni ya juu.

Koneti_ya_Pili, pima na ubanaji wa vali kabla ya kuamua ipi ifanyiwe kazi kwanza. Zikishalainika, vuta slaidi ya vali moja taratibu, isitoke yote, bila kubonyeza vali, kisha bonyeza vali hiyo. Ukisikia "pop" safi, pistoni ingali inabana. Ukisikia pumzi tu, imelika, na hiyo inapakwa madini upya na kusagwa ikae sawa, kazi ya siku nyingi. Na chungulia nyuma ya vali za eufoniamu. Ukikuta vislaidi vidogo vya ziada, una mfumo wa fidia wa Blaikley wa 1874, unaosawazisha noti za chini vali zikibonywa pamoja. Hiyo ni johari, iwe ya kwanza.

Mpiga_Ngoma

Kwa hiyo bendi itakuwa na vikundi viwili na mpiga ngoma mmoja. Nimeona mlipofikia.

Koneti_ya_Pili

Mkuu wa ngoma, umeona sawasawa 😂

Kikao cha jana kimepitisha hivi: ala za zamani zinakaa pamoja na zinapigwa kwenye tyuni yake ya juu, zenyewe kwa zenyewe, bila ala mpya hata moja. Kikundi cha watu kumi na wawili. Bendi kubwa inabaki na za kisasa. Slaidi ndefu hatutengenezi kwa sasa. Njia ya pili, niliyokuja nayo hapa nikiipigia debe, haikupata hata kura yangu.

Tumeosha nane. Kwenye besi yenye jina maji ya kwanza yalitoka rangi ya chai ya rangi, ya pili yakatoka na kitambaa cha sufu kilichoviringwa, nadhani mtu alikiingiza kuzuia sauti akasahau. Eufoniamu ina vislaidi vya nyuma, Fundi. Vali mbili zimetoa "pop", ya tatu pumzi.

Jioni tulijaribu wanne: koneti mbili, honi ya alto na hiyo besi. Tulishika noti moja tu, ndefu. Simu ilisema tuko vibaya sana, sisi wenyewe tukasikia tuko pamoja. Tukaizima.

Limebaki moja: slaidi ya vali ya kwanza ya baritoni imeganda kabisa. Kuna mwenzetu amekuja na koleo.

Fundi_Pistoni

Mnyang'anye koleo SASA. Mafuta ya kupenya kwenye ungio, kitone kimoja kila upande, iache mpaka kesho. Kisha pitisha utepe wa kitambaa kwenye kipinda cha slaidi, shika ncha zote mbili, vuta kwa mshtuko mfupi kufuata mstari wa bomba. Isipotoka rudia mafuta, usirudie nguvu. Ikifika siku ya nne niletee.

Koneti_ya_Pili

Koleo liko mfukoni mwangu.