Braketi za bresi ya nyuma zimepasuka kwenye mkunjo: niongeze unene au nibadili umbo?

Spana_Kumi

Habari zenu wakuu. Naomba msaada wa mafundi wa vyuma.

Nina bresi ya chini ya nyuma, ule upau unaounganisha kushoto na kulia kwa chesisi karibu na mikono ya sospensheni. Imetoka kwenye gari la toleo lingine, kwa hiyo haikai kwenye langu: matundu yamepishana milimita 17 kila upande, na upau unatakiwa ukae milimita 40 chini ya sehemu ya kufungia ili ukwepe bomba la moshi. Nikatengeneza braketi mwenyewe, umbo la Z. Bamba la chuma laini la milimita 3, upana milimita 50. Nilichora mistari ya kukunja, nikaipitisha grainda mpaka karibu nusu ya unene ili bamba likubali kukunjika, nikalibana kwenye jiriwa na kulipiga nyundo. Mikunjo ilitoka mikali, imenyooka. Nikapaka rangi tabaka tatu, nikafunga.

Wiki za mwanzo gari lilitulia vizuri sana kwenye kona. Baadaye ukaanza mlio, "tak", kila nikipanda tuta kwa mshazari. Jana nimelala chini na tochi nikaona kwenye rangi nyeusi mstari wa kutu, mwembamba kama unywele, umefuata mkunjo wa juu wa braketi ya kushoto. Nilipoifungua, ukucha unazama kwenye ule mstari. Na tundu la boliti halipo duara tena.

Je, nihamie bamba la milimita 6? Au nitafute chuma kigumu zaidi?

Tupa_Bapa

Weka 6 ukamalize kazi, ndugu. Zangu ni za milimita 6, za bresi ya mbele kwenye minara ya shokapu, hazijawahi kunisumbua. Aluminiamu usiguse kwa kazi hii, hasa kama unachomelea nyumbani.

Jiriwa

Pole, Spana_Kumi. Umefanya vizuri kueleza kila hatua, maana jibu limo humo humo kwenye maelezo yako.

Mimi nachomelea vyuma mwaka wa 16 sasa, na braketi zilizopasuka kwenye mfereji wa grainda nimezishika mikononi mara nyingi mno. Ulipopitisha grainda ulibakiza milimita 1.5 za chuma mahali penye kazi kubwa kuliko pote, halafu mfereji wenyewe ukawa mwanzo wa ufa. Anayekata mfereji lazima aujaze kwa kuchomelea baada ya kukunja. Na kama hukati, usikunje kwa ukali hivyo. Tumia kipande cha bomba au ukingo wa mviringo, upande wa ndani wa mkunjo uwe na nusu kipenyo kisichopungua unene wa bamba.

Lakini hata bila mfereji, umbo hilo lingekuangusha. Tupige hesabu ya haraka, tukichukua hali mbaya zaidi. Sema bresi inavuta pembeni kwa niutoni 2,000, kama uzito wa kilo 200. Inavuta milimita 40 chini ya chesisi, kwa hiyo mkunjo wa juu unapindwa kwa niutoni-mita 80. Bamba la 50 kwa 3, lililolala uso kwa uso na upau, linapata mkazo wa zaidi ya megapaskali 1,000. Chuma laini kinaanza kupinda bila kurudi kwenye 250 hivi. Ukiweka milimita 6 mkazo unashuka mara nne, unafika kama 267. Umebeba chuma mara mbili na bado hujavuka.

Sasa ligeuze bamba. Chukua vipande viwili vya milimita 3 hiyo hiyo, upana 50, visimame kwa ubavu, ukingo ukiuelekea upau badala ya uso. Mkazo unakuwa megapaskali 32. Nguvu ni ile ile, na umbali haujabadilika. Shika rula ya chuma ujaribu kuipinda kwa ubapa, kisha ujaribu kwa ubavu, utaelewa bila kalamu.

Kwa hiyo ningetengeneza hivi: bamba la juu la milimita 5 lenye matundu mawili ya kufungia kwenye chesisi, bamba la chini la milimita 5 linalopokea sikio la bresi, na katikati mashavu mawili ya milimita 3 yaliyosimama kwa ubavu. Nati ya boliti ya chini ichomelee juu ya bamba la chini kabla hujafunga mashavu, kwa sababu baadaye spana haitaingia. Tumia nati isiyo na zinki, na uiweke boliti ndani wakati unachomelea ili nyuzi zisijikunje. Moshi wa zinki inayoungua usiuvute kabisa. Mimi uliwahi kunilaza na homa usiku kucha.

Tupa_Bapa, zako zimedumu kwa sababu nadhani upau wako uko karibu sana na uso wa mnara. Ni milimita ngapi?

Tupa_Bapa

Nimetoka kupima sasa hivi. Ni 8. Nimekuelewa fundi, nafuta ushauri wangu.

Spana_Kumi

Asante sana fundi. Vipimo vya kwanza nilichukua gari likiwa juu ya jeki upande mmoja. Hilo lina shida? Na naweza kupiga pointi za kuchomelea nikiwa chini ya gari ili matundu yasipishane?

Jiriwa

Shida ipo. Bodi inajipinda ikiinuliwa upande mmoja. Kwenye gari langu umbali kati ya pointi mbili za nyuma ulibadilika milimita 2, na milimita 2 zinatosha kukufanya ulazimishe boliti kwa bisibisi. Ukilazimisha, braketi inaanza kazi ikiwa tayari imevutwa. Liweke gari juu ya rampu, uzito wote ukiwa kwenye magurudumu, ndipo upime.

Kuchomelea huko nyuma sikushauri hata kidogo. Tangi la mafuta liko jirani, na mabomba yake. Fanya hivi: kata kielelezo cha boksi gumu, kifunge juu kwa boliti zile zile, weka bresi mahali pake kwa kamba au kwa mtu wa kukushikia, kisha pitisha msumari uliochongwa kwenye tundu la sikio ukwaruze alama. Hamishia kwenye chuma, toboa kwanza kwa keekee ya milimita 4, halafu 11 kwa boliti za M10, yaani zenye kipenyo cha milimita 10. Ikipishana kidogo, tupa ya mviringo inamaliza. Mkono ukishazoea tupa, unaondoa chuma kidogo kidogo bila kuharibu mstari.

Wakati wa kuchomelea, piga pointi kwenye pembe nne, acha ipoe, weka rula, ndipo uende vipande vifupi ukivuka pembe kwa pembe. Ukimaliza upande mmoja kwa mkupuo, bamba linavutwa na kuinama kama ndizi.

Kuhusu tundu lililopanuka: boliti haitakiwi kubeba mzigo kwa shina lake. M10 ya daraja 8.8 (alama ya uimara iliyo kwenye kichwa cha boliti) ikikazwa niutoni-mita 45 inabana vipande kwa nguvu ya zaidi ya tani mbili, na msuguano huo ndio unaoshika. Zile tabaka tatu za rangi zilipokuwa zinasagika, mbano ulipungua, braketi ikaanza kucheza. Kwenye nyuso zinazogusana paka praima nyembamba tu. Rangi nene iende kwingine kote.

Keekee_ya_Zamani

Naongeza moja. Kama boliti zako za juu zinapita kwenye boksi la chesisi lililo wazi ndani, weka kipande cha bomba nene katikati, urefu sawasawa na upana wa boksi. Bila hicho, ukikaza unabonyeza kuta za boksi na mbano haufiki popote.

Spana_Kumi

Mrejesho wakuu. Nimetengeneza kama alivyosema Jiriwa. Boksi la chesisi yangu lina nati zake ndani toka kiwandani, kwa hiyo bomba halikuhitajika. Vipimo vya juu ya rampu vimetofautiana na vya kwanza kwa milimita 1.5. Kulia boliti imeingia kwa vidole. Kushoto nimepiga tupa kidogo.

Nimetembea kilomita 100, nikarudi chini na spana ya kupimia. Boliti tano hazikusogea. Moja ya kulia ilizunguka kama robo ya upande mmoja wa nati, nikaikaza upya. Mlio umeisha, nimepita lile tuta mara sita.

Jiriwa

Safi sana. Hiyo ya kulia ifungue, utazame chini ya washa kama kuna rangi iliyojikunja.

Spana_Kumi

Ipo. Naikwangua sasa.