Mafundi wa Kariakoo, skrini ya bluu siyo ruhusa ya kupiga Windows!

Wakuu, hii tabia imezidi. Laptop inaletwa inaleta skrini ya bluu, fundi hajauliza hata namba ya kosa, flashi imeshachomekwa: "hii inataka Windows mpya." Hela inalipwa, wiki haiishi bluu imerudi. Na chanzo hakijulikani tena, maana fomati imefuta ushahidi. Ni kufua shati la marehemu kabla polisi hawajafika.

Kerneli, yaani moyo wa Windows, ikianguka huacha faili la dampu (nakala ya kilichokuwa kwenye RAM wakati wa ajali): C:\Windows\MEMORY.DMP, na madogo yake ndani ya C:\Windows\Minidump. Nakili hayo kwanza! Kisha shusha WinDbg, programu ya Microsoft ya kusomea dampu, ni bure kabisa, fungua dampu na uandike:

.symfix C:\Symbols
.reload
!analyze -v

Mara ya kwanza itakula bando, inashusha simboli (faili zenye majina ya vipande vya msimbo wa Windows). Vumilia, bila simboli majina utakayoyaona ni ya kubahatisha.

Hapa ndipo wengi wanachemka. Wakiona ntoskrnl.exe wanatangaza Windows imekufa. Jamani, hiyo ndiyo kerneli yenyewe! Imetajwa kwa sababu ajali imetokea mikononi mwake. Mara nyingi mchawi ni draiva (programu inayoendesha kifaa) iliyopita mapema ikachafua kumbukumbu isiyo yake. Soma namba ya kosa pamoja na Arg zake, yaani vigezo vinavyoifuata. Ni 0x9F na Arg1 ni 3? Chukua anwani ya Arg4, piga !irp, mstari wenye alama ya > unakuonyesha draiva iliyokalia ombi la kulala au kuamka. Kisha lmvm na jina lake, uone ni ya mwaka gani. Ni 0x7A? Tazama Arg2: C000009C ni sekta mbovu za diski, C0000185 anza na kebo. Sasa unapiga Windows juu ya diski mbovu ili iweje? 0x124 ni vifaa, piga !errrec kwa anwani ya Arg2. Dampu tatu zikitoa makosa matatu tofauti na draiva tofauti kila mara, shuku RAM: MemTest86 usiku kucha, kijiti kimoja kimoja.

Na nyie mnaozima pagefile (faili ya diski inayoisaidia RAM) eti kulinda SSD, dampu hupitia humo. Msije kulalamika Minidump ni tupu.

Tena si kila kuzima ni bluu. Ukiona kwenye Event Viewer (daftari la matukio la Windows) Kernel-Power 41 yenye BugcheckCode 0, maana yake kerneli haikupata hata nafasi ya kuandika: umeme umekatika, pawasaplai imechoka, au mashine imeganda ikazimwa kwa kitufe. Kwa umeme wa Dar na desktop isiyo na UPS, anzia hapo.

Mwenye Minidump aibandike hapa tuisome. MEMORY.DMP msiipandishe hadharani, imebeba vipande vya RAM, na nywila zinaweza kuwemo.