Tuta la Offa linakanyagwa na ng'ombe hadi linaisha, wenye dhamana wanajibu "tumepokea"

Wakuu, salaam. Leo nimechefukwa, mnivumilie.

Naishi mpakani mwa Wales na Uingereza, natunza wazee, zamu za usiku. Nikitoka kazini asubuhi hupita njia ya mashambani kabla sijalala, na njia hiyo inafuata Tuta la Offa. Kwa wasiolijua: ni boma la udongo lenye handaki upande wa Wales, ambalo wengi wanalihesabu kuwa kazi ya Offa, mfalme wa Mercia (ufalme wa kale wa Uingereza) aliyetawala 757 hadi 796. Watu walichimba, wakabeba, wakarundika, hakuna katapila. Kilomita kama 130 bado zinaonekana.

Sasa njoo uone kipande cha huku kwangu. Mwenye shamba kaweka hori la ng'ombe juu ya tuta lenyewe. Juu! Shamba lote lile, akaona hapo ndipo pazuri. Kwato zimechana nyasi, udongo uko wazi, kila mvua unateremka handakini, na mvua ya huku mnaijua. Kuna kigingi cha uzio ambacho mwaka juzi kilikuwa kimesimama imara ardhini. Leo kinaning'inia kwenye waya kama nguo, chini yake hewa tupu.

Nikaiandikia ofisi inayohusika, picha nane. Jibu: "Tumepokea, tunakushukuru." Wiki sita kimya. Nikapiga simu, dada wa watu akaniambia kwa upole kwamba mmiliki huenda hajui kuwa pale panalindwa kisheria.

Huenda hajui! Hili neno ndilo linalonimaliza. Mwaka 2013, karibu na Chirk, mji mdogo wa Wales, mita kama 45 za tuta hili zilisawazishwa kwa mashine. Hakuna aliyeshtakiwa, kwa sababu polisi hawakuweza kuthibitisha kwamba mhusika alijua ni kumbukumbu ya taifa. Wales ikabidi itunge sheria mpya 2016 ili "sikujua" isiwe kinga rahisi hivyo. Leo bado naambiwa huenda hajui. Basi mwambieni! Si ndiyo kazi yenu?

Najua kuna mdau atakuja kusema "rundo la udongo tu hilo, kalale". Mkuu, maandishi ya zamani kuhusu tuta hili ni haba mno. Askofu Asser aliligusa kwa mstari mmoja tu mwaka 893, karibu miaka mia baada ya Offa kufa. Kilichobaki ni udongo wenyewe. Ule uliochukuliwa karibu na Chirk ukapimwa kaboni kujua umri wake ulitoa tarehe za kati ya 430 na 652, yaani huenda sehemu ile ilianza kabla Offa hajazaliwa. Hayo yalijulikana kwa sababu tabaka zilikuwa bado zimelala zilivyolazwa. Kwato zikishazivuruga, utapima nini?

Sisemi ng'ombe peke yao. Sungura wamo, jembe limo, na sisi wenye mabuti tumo. Wamo pia jamaa wa nyegere wa huku, wale wenye mistari usoni, wanatoboa mashimo humo na sheria inawalinda wao kikamilifu, usiwaguse. (Hapo nilicheka peke yangu njiani.) Tathmini ya miaka michache iliyopita ilikuta chini ya asilimia 9 ya tuta ndiyo iko katika hali nzuri. Kwa hiyo mashimo nayaelewa. Lakini hori lina magurudumu, wakuu! Kulisogeza ni trekta na dakika kumi.

Walioko Wrexham, Oswestry, Shrewsbury: kuna aliyewahi kufuatilia jambo kama hili akasikilizwa? Ulipitia kwa diwani au kwa nani? Mimi Jumamosi narudi na futi, nikipime kile kigingi kinaning'inia sentimita ngapi, halafu nawaandikia tena.