Hivi watoto wa kwenye filamu za zamani waliteswa kweli au watu wanakuza?

njiapanda: Wakuu habari, siku ya tatu sijalala. Nasoma habari za watoto walioigiza zamani, zinatisha. Ni kweli? Na siku hizi si mambo yamebadilika?

Mzee wa Riwaya: Kweli kabisa. Jackie Coogan aliigiza na Chaplin 1921, akapata mamilioni, kukua tu akakuta mama na baba wa kambo wameshazitafuna. Sheria ya California ya kumlinda mtoto ikaja 1939, yeye ilishampita.

Bi Tausi: Mimi shuleni nilipewa niwe maiti nikapiga chafya, mwalimu hakunisemesha muhula mzima. Sanaa ina mateso jamani 😂

kisu_butu: Mtu hakosi usingizi kwa ajili ya Chaplin. Sema ukweli.

njiapanda: Basi. Binti yangu miaka 9 kapata nafasi kwenye filamu. Kuna kipande anabebwa kuvuka mto usiku, maji ya magotini tu, na watu wenyewe ni waungwana sana

kisu_butu: Umesaini?

njiapanda: Nimesaini ndiyo, na advansi kidogo tumeshaigusa. Ila anapenda mwenyewe, sijamlazimisha

Mama Wawili: Advansi ya mtoto mmekula!! Wazazi wa leo mna njaa ya ajabu.

Mzee wa Riwaya: Mto usiku? 1982 mwigizaji Vic Morrow kwenye filamu alikuwa anavuka mto na watoto wawili mikononi, saa nane usiku, baruti zikalipuka, helikopta ikawaangukia, wakafa wote watatu. Wale watoto waliajiriwa kinyemela maana kibali cha muda ule kisingetoka. Kesi ikaisha 1987, washtakiwa wote wakaachiwa.

pilipili_kichaa: Subirini. Huyu mwezi jana alisema hana mtoto, alikuwa anaomba jina la paka. Chai hii.

Bi Tausi: 🤣🤣 paka kapata mkataba

njiapanda: Paka ni wa huyohuyo binti. Jana nimemkuta kajifunika mto usoni anafanya mazoezi ya kupiga mayowe asituamshe, ndo nitunge?

pilipili_kichaa: Mto wa kuvuka au wa kulalia 😂

kisu_butu: Awe mtoto awe paka, uliza kibali kinaishia saa ngapi na nani asiyelipwa na prodyuza anaweza kusimamisha kazi.

njiapanda: Nimewapigia. Wamesema helikopta haipo kabisa. Ni droni tu na moto kidogo wa pembeni

Mama Wawili: Moto??